Aliyetakiwa Kusubiri

...alikuwa anabeba nini, hilo ndilo swali la baba mdogo Aristides, nimelisikia vizuri kupitia pazia, sauti yake haijawahi kuhitaji spika, "Mmesema mwendesha baiskeli, sawa, tumesikia, sasa alikuwa anabeba nini?", na sebule nzima inacheka, na Shangazi Klaudia aliyekaa nami hapa mkekani anacheka naye, kimya kimya, tumbo linatikisika, mkono wake uko begani kwangu tangu saa nane kana kwamba nitaruka dirishani, na mimi sicheki, nimekishika kikapu cha kahawa ya kutafuna juu ya mapaja, nimekishika kwa mikono miwili, lakini swali ni la haki, lazima nikiri, hapa Kitendaguro baiskeli ni mikungu mitatu ya ndizi na mtu aliyeinama nyuma yake akiisukuma kupanda mlima, hakuna anayeendesha baiskeli tupu miaka kumi na miwili na kuiita kazi, "Habebi kitu, mzee wangu," anasema mshenga wao, Evarist, katekista wa kule Muleba, "anakimbia tu, wanashindana," na baba mdogo, "Anamkimbia nani?", waitu, jamani, wanacheka tena, na ndani ya kicheko hicho namsikia Ottavio mwenyewe, mchumba wangu, naye akicheka, nusu sekunde baada ya wengine, kama siku zote, anasubiri aone wenzake wamecheka ndipo acheke, anasubiri, hata kicheko anakisubiri... na hapo ndipo akili yangu inapojikwaa, kwenye neno hilo, tangu jana inajikwaa hapo hapo, inanyanyuka, inapiga hatua mbili, inajikwaa tena, kwa sababu leo ndiyo siku yenyewe, wakimaliza maswali yao wataniita, nitatoka na kikapu hiki, baba ataniuliza mbele ya wote, unawafahamu wageni hawa, na nikianza kuwapa kahawa wageni kabla ya wazee wetu nimekubali kuolewa, nikirudi ndani na kikapu kama kilivyo nimekataa, watamaliza rubisi yao, pombe yetu ya ndizi, watapanda gari lao warudi Muleba, na hakuna atakayeniuliza sababu, na mpaka jana mchana nilijua nitafanya lipi, nililijua kama ninavyoijua ramani ya Ziwa, ninaifundisha ramani hiyo kidato cha pili kila mwaka, naweza kuichora nimefumba macho, halafu Violeth akaja na simu yake.

Violeth ni binti wa baba mdogo, ana ulimi wa baba yake, alinikuta nyuma ya nyumba nikimenya ndizi, akasema, "Dada, umewahi kumtafuta shemeji mtandaoni?", nikasema wa kumtafutia nini, si yuko Muleba, kila mtu anajua karakana yake, nenda kamtafute, akasema, "Hebu mwone alivyokuwa amekonda, utadhani walikuwa hawampi chakula," na kweli, kijana mwembamba, mashavu yameingia ndani, jezi ya njano na bluu, Ottavio Rendena, mzaliwa wa kijiji fulani cha milimani huko Italia, na chini yake maisha yake yote yamepangwa mistari, mwaka, timu, mbio, nafasi, nikaanza kusoma kwa sauti, wa themanini na saba, wa mia moja na kumi na mbili, hakumaliza, wa tisini na nne, wa mia moja na thelathini, hakumaliza, hakumaliza, ikawa kama litania, Violeth akawa anaitikia utuombee, tukacheka mpaka kisu kikaniponyoka, na nilicheka kwa furaha, sikuona aibu, kwa sababu yote hayo alishaniambia mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, nilipopeleka baiskeli yangu karakana, alikuwa anachomelea keria ya mbeba ndizi mmoja, keria nene ya nondo, akavua miwani ya kuchomelea, nikamuuliza kwa utani kama kwao pia wanabeba ndizi kwa baiskeli, akasema hapana, mimi kazi yangu ilikuwa maji, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kanisani, timu ina watu wanane, mmoja ni nahodha, saba ni wa kumtunza nahodha, unarudi nyuma mpaka kwenye gari, unajaza chupa za maji mgongoni ndani ya jezi, sita, nane, unapanda tena mpaka mbele, unampa, unamkinga upepo kwa kifua chako mlima mzima, akipata pancha unavua gurudumu lako unampa, unabaki barabarani na baiskeli ya gurudumu moja, yeye anashinda, wewe unafika saa nzima baadaye, unaoga, unalala, kesho tena... nikamuuliza, "Na wewe ulishinda lini?", akasema, "Sijawahi kushinda," akavaa miwani yake akaendelea kuchomelea, na mimi nikasimama pale na baiskeli yangu nikijisemea, mwanaume anayesema sijawahi kushinda bila kuinamisha kichwa, huyu nimemtafuta miaka mingi bila kujua namtafuta.

Halafu kidole cha Violeth kikateremka katikati ya litania, kikasimama, akasema, "Na hii?", wa kwanza. Mstari mmoja. Mwaka wa sita wa kazi yake. Wa kwanza, basi, halafu chini yake namba zinaendelea, wa mia moja na tano, wa tisini na tisa, kama vile hakuna kilichotokea... "Swali la pili," huyo ni baba sasa, mzee Bartholomayo, mwalimu mstaafu, anauliza kama anasahihisha daftari, "hao anaoshindana nao, yeye alikuwa anashika nafasi ya ngapi?", na mkono wa shangazi unanibana bega, na Evarist anakohoa, maskini Evarist, yeye anajua tu kwamba Ottavio anasali Jumapili na hakorofishi watu, hajui nafasi ya ngapi... video ilikuwepo, ya dakika nne, tukaiangalia mara moja na Violeth, halafu nikamwomba simu nikaenda nayo mgombani nikaiangalia peke yangu, mvua inanyesha kwenye video, mlima, kuta za mawe, watu wenye miavuli, na yeye peke yake mbele, anapanda amesimama kwenye pedali, mdomo wazi, na mtangazaji anapiga kelele ambazo sikuzielewa, ila chini ya video kulikuwa na habari ndefu, simu ikanitafsiria, nikasoma nimeegemea shina la mgomba, kwamba yalikuwa mashindano ya wiki moja, kwamba nahodha wake alikuwa anaongoza tangu siku ya kwanza, kwamba Ottavio alitangulizwa mbele makusudi ili baadaye amsaidie nahodha mlimani, kwamba nahodha akapata pancha huko nyuma, na sauti ya mkuu wa timu ikamwambia Ottavio kupitia kile kifaa cha sikioni, simama, msubiri, umrudishe, na hakusimama. Hakusimama. Akashinda siku ile, na nahodha akapoteza mashindano yote ya wiki kwa sekunde kumi na moja, sekunde kumi na moja, nimezihesabu kwa mdomo pale mgombani, ni muda wa kusema Salamu Maria nusu, na nahodha yule alikuwa mtu wa kijiji kimoja naye, walilala chumba kimoja hotelini miaka mitano, na hawajawahi kuongea tena, na timu ikamwacha, na miaka sita iliyobaki akabeba maji kwenye vitimu vidogo mpaka miguu ikakataa... sijawahi kushinda, alisema. Sasa mtu gani anaficha ushindi? Watu wanaficha kushindwa, wanaficha watoto wa nje, wanaficha magonjwa, nimelala na swali hilo na nimeamka nalo, angeficha deni ningejua nikasirike vipi, lakini ushindi, ninamkasirikia mtu kwa sababu aliwahi kuwa wa kwanza? Au ninamkasirikia kwa sababu kuna mtu alibaki barabarani kwenye mvua akitazama mbele, na yule aliyekuwa anamtazamia ndiye huyu aliyekaa hapo sebuleni na suti ya kuazima... na hapo ndipo miaka hii miwili yote ikaanza kugeuka mikononi mwangu kama shati lililovaliwa ndani nje, kwa sababu Ottavio ananisubiri, hilo ndilo jambo lake, kila mtu Muleba anajua, ananisubiri getini shuleni kabla kengele haijalia, siku ya mvua kubwa ya mwezi wa nne alisimama saa nzima chini ya mti bila mwavuli, walimu wenzangu wakasema Annastella umempa nini mzungu wa watu, na tukienda na baiskeli mpaka Kemondo, kila kona ya mlima namkuta, mguu mmoja chini, anatazama nyuma, namwambia nenda, nitakukuta juu, anasema hapana, nasubiri, nilipougua homa ya matumbo alikaa nje ya wodi kwenye benchi siku nne, hata mezani hanyanyui kijiko mpaka ninyanyue changu, na nilidhani, nilidhani vizuri kabisa, kwamba hayo yote ni yangu. Sasa sijui. Kwenye zile kona za Kemondo alikuwa anamsubiri nani? Anatazama nyuma anaona mimi ninakuja na sketi yangu na kofia ya jua, au anaona nahodha? Labda mimi ni kitubio tu, labda padre mmoja wa kwao alimwambia nenda kasubiri watu mpaka dhambi ikutoke, na akaja mpaka Kagera, akakuta mwalimu wa jiografia anayeendesha baiskeli polepole... "Ni bingwa!" anapasuka Evarist, ameshindwa kuvumilia, "mzee wangu, tusizungushe maneno, kijana wetu huyu ni bingwa, Ulaya nzima wanamjua, amewashinda wote," na sebule inafanya oooh, na mtu anapiga makofi, na mimi moyo unanidondokea kwenye kikapu, na baba anasema, "Vizuri sana. Bingwa wa mwaka gani?", baba na miaka yake, nasikia mtu anasogeza glasi mezani, halafu sauti ambayo haikutakiwa kusikika kabisa, "Hapana."

Ottavio. Ameongea Ottavio. "Bwana harusi ameongea!" anapiga kelele baba mdogo, kwa furaha kama mtu aliyenasa panya, "ameongea mbele ya wakwe! Dumu la rubisi! Dumu zima!", na shangazi ananinong'oneza, "Huyo hawakumfundisha? Mshenga yupo wa nini?", na Kihaya kimejaa sebuleni sasa, wote wanaongea pamoja, mpaka baba anagonga fimbo sakafuni, nyasi zilizotandazwa chini zinaumeza mlio lakini wananyamaza, "Mwacheni amalize. Faini ataitoa. Endelea, Oktavian," baba hajawahi kumwita Ottavio, anasema Oktavian ni jina lile lile ila limenyooka, na Ottavio anasema, polepole, najua ameshika magoti yake kwa viganja, "Evarist ananipenda, ndiyo maana anasema uongo. Mzee aliuliza nilibeba nini. Nilibeba maji," na baba mdogo, "Si nilisema! Kumbe alibeba!", kicheko, kicheko kikubwa, na ndani ya kicheko hicho nilidhani ataponyokea hapo, angeweza, wangekunywa wakasahau, lakini anasubiri kicheko kiishe, anasema, "Nilishinda siku moja tu. Siku ile niliambiwa nisubiri mtu. Sikusubiri." Hakuna anayecheka. Alijua nimejua? Violeth amemwambia? Hapana, Violeth yuko jikoni na mama, naisikia sauti yake, basi hajui, amesema tu, mbele ya wazee kumi na wawili, kile ambacho hakuniambia mimi miaka miwili, na sijui kama nifurahi au nimrushie kikapu, kwa nini wao, kwa nini leo, "Mtu gani?" anauliza baba, "Rafiki," "Alikufa?", "Hapana, mzee. Alishindwa," na baba mdogo Aristides, sasa amechanganyikiwa kweli, utani umemtoka, "Ngoja kwanza, nielewe. Ni mashindano?", "Ndiyo," "Ukashinda?", "Ndiyo," "Sasa kosa liko wapi? Hebu mnieleze, mashindano si ni kushinda?", na sebule inagawanyika, nasikia inavyogawanyika, wa upande wa Rubafu wanasema mbio ni mbio, mwenye miguu aende, na mzee mmoja mwenye sauti nyembamba anasema hapana, umetumwa pamoja na mwenzako safari moja, unarudi peke yako na zawadi mkononi, utaiweka wapi hiyo zawadi, na mwingine, lakini pancha ni ya nani, pancha si ya mwenye gurudumu, na wanabishana kama vile nahodha ni jirani yao, kama vile mlima ule uko hapo Kyetema, na mimi ninawakubalia wote, kila anayesema ninasema ndiyo, kweli, na anayempinga ninasema ndiyo, kweli.

"Sikiliza," ananong'ona shangazi, pumzi yake ya tangawizi iko sikioni mwangu, "mwanaume wa kumwacha mwenzake njiani, mimi sijui, lakini amesema mwenyewe, wangapi wanasema wenyewe, marehemu mjomba wako alisema nini? Hakusema. Kwa hiyo ukitoka, macho chini, usimtazame yeye, mtazame baba yako miguu, baba akikuuliza usijibu upesi watasema una njaa ya ndoa, hesabu mpaka tano, sema ndiyo taratibu, usicheke, anza na mshenga," na anaendelea, sauti ndogo, tamu, ya mtu anayenitakia mema, sikioni, anza na mshenga, mkono wa kulia, usimwage kahawa, na ghafla naitambua, naijua sauti hii, si ya shangazi tu, nimekuwa nayo sikioni miaka thelathini na mitatu, ilisema somea ualimu kama baba, nikasomea, ilisema usiende Dodoma kuchukua shahada ya pili, msubiri mdogo wako amalize kwanza, nikasubiri, akamaliza, ikasema sasa msubiri mama apone mguu, nikasubiri, mama akapona, na nafasi ikawa ya mtu mwingine, na sikununa, nilijiita mtu mwema, na kila aliyepata pancha nyumbani kwetu alinikuta nimesimama kando ya barabara na gurudumu langu mkononi... sasa nani alikuwa nyuma na nani alikuwa mbele, tangu jana nimejiweka mahali pa nahodha, nimejiona mimi ndiye niliyeachwa kwenye mvua, nikamlilia nahodha nisiyemjua, lakini mimi si nahodha, sijawahi kuwa nahodha hata siku moja, mimi ni mbeba maji, na mbeba maji mmoja, mara moja, kwenye mlima mmoja, aliisikia ile sauti vizuri kabisa na akaendelea kupanda, na mimi nilipoiangalia ile video mgombani sikuwa na hasira, nilijidanganya, ile iliyonipanda kifuani haikuwa hasira, ilikuwa wivu.

"Swali la mwisho," anasema baba, "Oktavian. Unajuta?", na hachelewi, Ottavio, hachelewi kabisa, "Kila siku," na sebule inashusha pumzi, nasikia wanavyoridhika, mzee wa sauti nyembamba anasema ee, na baba mdogo anasema basi huyo ni mtu, mleteni tumwone, na shangazi ananipapasa bega, "Umeona? Ana moyo. Usiwe na wasiwasi tena," na jibu ni zuri, ni jibu lililonyooka, lingepata alama zote kwa baba, na mimi limenikaa kooni kama kahawa isiyoiva, kwa nini, hicho si ndicho nilichokitaka tangu jana, ajute, aseme, na amesema, mbele ya ukoo, lakini nikifikiria kukaa miaka arobaini na mtu anayejuta kila siku, asubuhi anajuta, ananisubiri, jioni anajuta, ananisubiri, na mimi namsubiri, wawili tumesimama kando ya barabara tunapishana adabu, nenda wewe, hapana nenda wewe, mpaka giza liingie na hakuna aliyefika popote... na ule uso. Mwisho wa video, anapovuka mstari, hanyanyui mikono, wengine wote hunyanyua, yeye anaingia tu kwenye mvua ile na uso umekunjamana, nimeurudia mara kumi na mbili, nimeusimamisha, nimeukuza mpaka ukawa vidoti, na sijaweza kujua kama analia au anacheka, na Violeth alisema analia, na mimi nikasema analia, kwa sababu mtu mwema angelia, na sasa nimepiga magoti hapa na sitaki iwe alikuwa analia, Mungu anisamehe na nahodha anisamehe popote alipo, sitaki... bado hawajaniita, baba mdogo amerudi kwenye dumu lake, anataka lije leo leo, Evarist anaomba lije Jumapili, shangazi ananirekebisha kanga, ananiambia tena kuhusu macho, na mimi nimeshajua kwamba nitayanyanyua, baba akiniuliza kama nawafahamu wageni hawa sitasema ndiyo wala sitasema hapana, nitamgeukia mmoja wao na kuuliza swali langu, wacha wapige kelele, wacha lije dumu la pili, nitamuuliza, pale juu, ulipofika peke yako, hakuna aliyekuwa mbele yako na sauti imenyamaza sikioni, kabla hujajuta, ule muda mdogo kabla hujaanza kujuta, ulifurahi? Na akisema hapana nitarudi ndani, hata kama ni kweli, na akisema ndiyo... sema ndiyo, Ottavio, sema mbele yao, sema hata kwa Kiitaliano, mimi nitaelewa.